Bata Bukini wa Sulo na Dakika Zangu Kumi

Jumatano, 5 Julai
Watu wa filamu wamefika kutoka Helsinki! Wamekuja kwa ajili ya Sulo, jirani yangu, mwimbaji wa tango, ule muziki wa kucheza wawili wawili, ambaye haimbi mpaka bata bukini wake asimame mbele yake. Bata akiondoka, wimbo unakatika hapo hapo, hata kama ukumbi mzima umekumbatiana. Na huyo ndiye wa kutengenezewa filamu! Mimi nilimpigia kodiani miaka tisa, wala hakuna aliyenipiga picha. Nimeapa: uso wangu utaonekana humo, na nitasema maneno.

Alhamisi, 6 Julai
Mbinu. Nilimwaga shayiri kutoka bandani kwa Sulo mpaka uani kwangu. Bata akaja, Sulo akamfuata bata, kamera zikamfuata Sulo. Akili ni mali! Nilikuwa kitini tayari, koti jeusi, nywele nimezilaza kwa maji. Bata akaingia kwenye sauna yangu, kile chumba cha kuogea mvuke, akagoma kutoka. Nilipomfuata akaniuma paja. Iida, binti anayeongoza filamu, akaniomba kwa adabu nisogee, namziba bata. Kwa adabu!

Baadaye Sulo akaniletea mikate ya iliki, kunishukuru kwa kumlisha mnyama wake. Akasema, "Veikko bwana, roho unayo nzuri, ila kujificha hujui kabisa." Nimekula minne. Mitamu.

Ijumaa, 7 Julai
Nimemkuta Iida kwenye kibanda cha kahawa cha Kerttu. Nikamwambia Sulo nilimfundisha kuimba mimi. Uongo, lakini mdogo. Akasema basi kesho ukumbini, saa mbili kamili usiku, atanipa dakika kumi mbele ya kamera, halafu wanafunga vyombo. Dakika kumi! Kerttu akacheka mpaka akamwaga kahawa. "Wewe umfundishe Sulo? Basi wafundishe na samaki kuogelea!" Mjane huyu ana ulimi. Nimeandika nitakayosema. Kurasa saba.

Jumamosi, 8 Julai
Aibu na raha, sijui nianze na ipi. Saa mbili kasoro dakika kumi nilikuwa nimesimama ukutani, upande wa wanaume, maana hapo mwanga wa dirisha unanipendeza. Taa ya ukutani ikawaka: zamu ya wanawake kuchagua wa kucheza naye. Miaka arobaini nacheza ukumbi huu, nikasahau!

Kerttu akavuka sakafu moja kwa moja kuja kwangu. Mwanamke akikuchagua hukatai. Pentti alikataa mwaka 1987, na hadi leo hakuna anayemwita Pentti, anaitwa Yule Aliyekataa. Na si wimbo mmoja, ni nyimbo mbili, kisha unamrudisha mwenzako mpaka kitini pake. Nikamnong'oneza Kerttu tufanye haraka. Akasema tango haina haraka, nitulie. Sulo akatuona, mshenzi yule, akarudia kila ubeti. Bata hakutikisa hata unyoya.

Wimbo wa pili nikasahau saa. Kerttu ananukia kahawa na sabuni. Nilifurahi, naandika wazi. Nilipomfikisha kitini na kumwinamia, kamera zilikuwa zimeshafungwa kwenye masanduku. Kurasa saba, zote mfukoni.

Jumapili, 9 Julai
Kabla ya kuondoka, Iida alituonyesha vipande vya filamu yake kibandani kwa Kerttu. Nimo! Sekunde kumi na moja. Nimefumba macho, shavu liko kwenye nywele za Kerttu, Sulo anaimba nyuma yetu. Sikusema neno hata moja. Iida akasema hicho ndicho kipande anachokipenda kuliko vyote, kwa sababu mzee hajui kama anapigwa picha. Kerttu akajifuta macho kwa aproni, akasingizia mvuke wa birika.

Jumatatu, 10 Julai
Nimetafakari, na sasa nimeelewa kila kitu. Sekunde kumi na moja bila maandalizi yoyote! Je, nikijiandaa?

Kerttu amepiga simu, anauliza kama Jumamosi nitakwenda kucheza. Nikamwambia samahani, mama, nina kazi nyingi, natengeneza filamu yangu mwenyewe. Ila akitaka, aje anishikie kamera.

Nimeagiza bata bukini. Wawili.