Kinyungu cha Baba na Hila za Mika

Jumamosi, 2 Machi 1957

Leo nimeanza kilimo. Bonde zima likae tayari kushangaa.

Chanzo ni Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa. Yeye ndiye mgawaji wa vinyungu, yale matuta ya bondeni tunayolima mvua zikiisha. Jana alikuja nyumbani akakataa kiti. Dalili mbaya! Akamwambia mama kwamba kinyungu cha marehemu baba kililala mwaka jana. Kikilala na mwaka huu, desturi anaijua: anapewa mwingine mwenye jembe. Jumatatu ya Pasaka atateremka kukagua. Asipokuta miche ardhini, basi.

Mama akashika kidevu. Akanitazama mimi. Kwa nini mimi? Mwaka jana nilikuwa Ipogolo kule Iringa, najifunza udereva. Na nilifika mbali: mpaka kuosha magurudumu ya mbele.

Nikamwambia Mzee asihangaike, nitajaza kabichi mpaka akose pa kuweka fimbo. Akacheka kwa pua. Nimekiweka akiba hicho kicheko.

Sasa swali. Kinyungu chetu kikitwaliwa, atapewa nani? Jirani wa kinyungu ni nani? Mika! Tulikaa dawati moja shuleni. Yeye akaishia darasa la nne, mimi nikasonga hadi la tano na robo. Na juzi Mika huyo huyo kaniambia kamwene kwa sauti tamu mno. Mtu hasalimu hivyo bure.

Nimeshuka Nyololo dukani kwa Yunusu kununua mbegu. Akafungua kopo lililo juu ya meza. Nikamuuliza lililo chini ya meza analifichia nani. Akasema lile lina hina ya mke wake, lakini kama nataka kupanda hina yeye hana neno. Nikatafuna mbegu chache kuzipima. Akauliza kama aniletee na chumvi. Watu wenye asili ya pwani wana maneno!

Jioni nimezimwaga kitaluni, nyuma ya nyumba. Bondeni bado ni maji matupu. Na Mika naye kasia mbegu zake leo leo! Nani kampa habari? Mama anasema kila mtu husia wiki hii, tangu enzi za babu, ili miche iwe imekomaa maji ya bonde yakishuka. Mama ana moyo mwepesi sana.

Jumapili, 10 Machi

Zimeota! Mistari mizuri kama nilitumia rula. (Sikutumia. Ni kipaji.)

Nimejenga paa juu ya kitalu. Mianzi chini, majani juu, na majani mengine juu ya majani. Liko chini kiasi kwamba mkono tu ndio unapenya. Mama kadhani ni kwa ajili ya mvua ya mawe. Kidogo. Hasa ni kwa ajili ya macho ya Mika, maana hupita hapa kila siku akienda kukinga ulanzi, ile pombe ya mianzi.

Paa lake yeye liko juu, tena jepesi. Ukisimama njiani unahesabu majani yote. Kwa nini mtu aache mali yake itazamwe hivi? Mtego. Anataka nitazame. Nimetazama mara chache tu.

Jumatano, 20 Machi

Maafa!

Asubuhi nimeingiza mkono chini ya paa nikakuta miche imelala. Robo ya kitalu! Vishina vimekonda pale chini, vyembamba kama uzi, kama mtu kavibana kwa kucha. Nikasema hapa pana kucha za mtu.

Mdogo wangu Esta akachuchumaa, akachungulia, akaziba pua. Akasema kaka Anania, huku kunanuka kama soksi za mwalimu. Udongo hauoni jua wala upepo, miche inaoza. Nikamuuliza yeye yuko darasa la ngapi. Akasema la tatu. Nikamwambia basi.

Mika naye hakukawia kupita. Akasimama njiani, akavuta hewa, akasema ndugu yangu, inua hilo paa, miche inataka kupumua. Ameyajuaje ya ndani ya paa langu? Hajaingia, hajaona, lakini anajua! Kwa mwenye akili hii inatosha.

Nimeongeza majani. Na nimemwagia maji zaidi, ile iliyolala ipate nguvu za kusimama.

Jumamosi, 30 Machi

Mika kaingiwa na wazimu, au anataka mimi niingiwe.

Wiki hii kila siku anapunguza paa lake. Jana fito mbili, leo fito mbili. Jua linaipiga miche yake wazi wazi. Maji nayo anaibania, anaipa kidogo kama mgonjwa. Nikamwuliza kwa kebehi kama miche imemkosea nini. Akajibu eti lazima aizoeshe shida kabla haijahamia bondeni, maana kule hakuna wa kuibembeleza. Akasema na mimi nianze leo, taratibu.

Nilicheka mpaka nikaegemea uzio. Yaani niivue nguo miche yangu, niinyime maji, ife, halafu yeye avuke mpaka na jembe lake! Nilimwambia hilo jembe alirudishe nyumbani. Akanitazama kama hajanielewa. Anajua kuigiza huyu.

Kisha akamwita Esta, akamwonyesha kitu. Nilikuwa nyuma ya banda, nilisikia yote. Akachukua mche, akatenga majani kwa dole gumba. Eti pale katikati lazima pawe na kijicho kidogo, ndicho kinachokuja kufunga kabichi. Mingine huota bila jicho. Hiyo hunenepa, majani mazito, inapendeza, lakini itatoa majani tu mpaka kiama. Mche wa namna hiyo unang'olewa, wanapewa sungura kama wale wa Esta. Esta akawa anatikisa kichwa kama yuko kanisani.

Nimeelewa mchezo. Anamfundisha mtoto wa nyumba yetu kuitupa miche minene! Mtu mwenye macho achague iliyokonda!

Jumatano, 10 Aprili

Naandika kwa uchungu.

Mvua zimepungua, maji ya bonde yameshuka, majirani wameanza kuhamishia miche huko. Nikaona ni siku ya kuwafumbua macho. Saa sita mchana, jua kali, watu wanapita toka bondeni, nikalivuta paa lote kwa mpigo mmoja!

Miche ilikuwepo. Mirefu, myeupe, imeinama yote upande mmoja kama wagonjwa wanaochungulia dirishani. Watu wakaanza kusema pole. Mpaka chai ya jioni yote ilikuwa imelala chini. Yote! Haukubaki hata mmoja wa ushahidi.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kizingitini na lile jembe la baba mapajani, akawa anaufuta mpini kwa kanga, na mpini ulikuwa safi. Akasema wewe mtoto, baba yako alichimba mifereji ya kile kinyungu akiwa na homa. Mimi nikaenda kutazama mbuzi. Hatuna mbuzi.

Ijumaa, 12 Aprili

Mambo yamegeuka! Akili yangu haijapata kufanya kazi kama leo.

Mika alikuja mapema, akamwambia mama kwamba yeye amekwisha kupanda kinyungu chake na miche imebaki. Anania aje achukue. Mama akamwombea baraka tatu mfululizo. Mimi nikaenda nimekaza macho.

Nikakuta mafungu mawili kivulini. La kwanza limefungwa vizuri katika jani la mgomba. Mika akasema hili la mama yako, nimelichambua mwenyewe, mmoja mmoja. Nikachungulia. Miche mifupi, migumu, ina rangi ya zambarau shingoni, majani manne matano. Midogo! La pili liko katika kikapu kikuukuu, limefunikwa nyasi. Nikainua nyasi. Loo! Miche minene, majani mapana ya kijani kizito, mazito kama masikio ya ndama!

Nikauliza hii ya nani. Akajibu bila hata kupepesa kwamba hiyo ni chakula cha sungura wa Esta, atampelekea jioni. Sungura! Mtu mzima na ndevu zake chache ananitazama usoni anasema vinono ni vya sungura na vidhaifu ni vya mjane!

Nikamwomba maji ya kunywa. Akashuka kijitoni na kibuyu. Hapo hapo: minene ndani ya jani la mgomba, midogo kikapuni, nyasi juu, kamba, nimekaa, napiga mluzi. Akarudi. Nikanywa maji kwa utulivu mkubwa. Akasema ipande leo hii, ndugu yangu, isinyauke. Nikamwambia Mungu atamlipa kwa kadiri ya moyo wake. Akasema amina! Nilikaribia kupasuka.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimepanda. Upande wa mbele wote, ule unaoonekana toka njiani, maana Mzee Abrahamu hatazami nyuma. Ule wa nyuma miche haikutosha, nao una tope.

Esta kaja na kile kikapu cha Mika. Akaniambia kaka, umekosea au Mika amekosea, hii siyo ya sungura, kila mmoja una jicho. Akataka kunionyesha, dole gumba juu. Nikamwambia aende na sungura wake. Akauliza basi anaweza kuipanda kule nyuma kwenye tope. Nikasema apande hata kuni.

Alipanda mpaka jua likazama, matope magotini, akaifunika kila mmoja kwa jani la mgomba lililokunjwa. Nilimcheka sana. Miche yangu kwa mbali inaonekana kama imepandwa mwezi uliopita.

Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili

Mzee Abrahamu ameteremka na kofia yake na fimbo. Nyuma yake Mika, mama, Esta, na watu wasio na kazi.

Kwa mbali alisimama akasema aa, kijana wangu! Nikamwonyesha mama kwa kidevu: sikia. Kisha akainama. Akatenga majani kwa dole gumba. Akahamia wa pili. Wa tatu. Alikwenda hivyo mstari mzima, mgongo umeinama, mimi natoka jasho. Akanyanyuka akauliza kwa upole ni nani aliyenifundisha kupanda chakula cha sungura.

Watu! Kicheko kilichotoka hapo, nadhani kimesikika Nyololo. Mika yeye hakucheka mwanzo. Alitazama miche, akanitazama, akatazama miche. Akaitambua. Ndipo akakaa chini kabisa juu ya tuta, machozi yanamtoka, akasema Anania, kumbe sungura wa Esta walifunga Kwaresima kwa ajili yako!

Mzee akaenda nyuma, kwenye tope. Nikamwambia kule hamna kitu, mtoto alikuwa anacheza. Akatenga majani. Akatikisa kichwa polepole. Akauliza hii ya nani. Esta akajificha nyuma ya kanga ya mama.

Hukumu: kinyungu kinabaki nyumba ya marehemu. Mama akapiga kigelegele palepale kati ya matuta, hajakipiga tangu msiba. Lakini msimu huu kitakuwa mkononi mwa Esta. Mimi nitang'oa vinono vyangu niwapelekee sungura wanaonidai. Kisha nitamchotea Esta maji, asubuhi na jioni, naye ndiye atakayeniambia nimwage wapi.

Darasa la tatu!

Jumanne, 23 Aprili

Nimechota maji. Esta ananiambia taratibu kaka, usiilowanishe shingo. Mabega yanauma lakini kichwa kinafanya kazi, na sasa nimeliona jambo lote.

Mika alijua mimi ni mwerevu. Alijua mwerevu hachukui anachopewa. Kwa hiyo alinipa mizuri waziwazi, ili nichukue mibaya! Na kibuyu cha maji je? Kwa nini kijito kiwe mbali vile? Kila kitu kilipangwa. Nimemweleza Esta. Akaniuliza kama jua limenipiga.

Lakini bado pana kona moja ya kinyungu kule chini, Mzee hakuitaja. Nitapanda vitunguu. Kitalu kipya kiko tayari, na lile paa langu nimeliokota, nimelikaza, nimeongeza tabaka la tatu.

Jioni Mika kapita na makopo mawili. Kasema kasikia nataka vitunguu. Hili, akasema, ni mbegu ya mwaka huu, nzuri, chukua. Hili jingine ni la miaka minne, limekufa, nalipeleka jalalani.

Nilimtazama machoni kwa muda mrefu. Hakupepesa.

Nikamwambia ahsante sana, ndugu yangu, hilo la jalalani nitakupelekea mwenyewe.

Nimekwisha kuisia ile ya jalalani. Nimefunika. Pale ndani hapapiti hata nzi.