Shimo Yetu Isifungwe

Bukavu, samedi asubui, salongo, kazi ya wote ya kila jumamosi, ingali inaendelea

Kwa Papa Bourgmestre, mukubwa wa komini yetu
Kopi kwa Papa Constantin, chef d'avenue (yeye asisome namba tano)
Concerne: kuomba shimo isifungwe

Papa Bourgmestre,

Nakusalimia na heshima yote, na nakuomba usome hii barua ukiwa umeikala, ju mutu mwenye kusimama anasomaka haraka, na haraka njo adui yetu.

Miye naitwa Zagabe Ezéchiel, chef wa Orchestre Première Vitesse. Muziki sikuisomea fasi yoyote. Gitare nilijitengenezea na bidon ya mafuta na nyuzi za frein za moto, ni kusema pikipiki, na kuipiga nilijifundisha, ju hakukuwa mutu wa kunikataza. Gérard anapiga ngoma, ni kusema jante ya pine ya gari na sufuria ya mama yake. Bibiane anaimba. Salle yetu ya kupigia muziki iko pale mupando unaanza, mbele ya Maman Georgette mwenye kukaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Unaijua, ju gari yako ilishaingia mule. Watu wengine wanaiita shimo.

Dimanche, misa ilipoisha, Papa Constantin alishika megafone akatangaza kama lundi, ile ya kesho kutwa, komini itatuma kamio ya mawe na muchanga ya kuifunga. Avenue nzima ikapiga makofi. Maman mumoja akapiga vigelegele. Siye watatu tuliangaliana sawa watu wenye nyumba yao inabomolewa na majirani wanacheka. Njo maana nakuandikia. Malalamiko nimeyapanga na namba ili usipotee njiani.

1. Kabla ya hii shimo hakuna mutu alishatusikiliza.

Tulipiga Nyawera, tukapiga Feu Rouge, tukapiga kwenye mulango wa soko ya Kadutu. Papa Bourgmestre, mu Bukavu mutu hasimame. Motari juu ya moto yake anapita na neno moja ya wimbo, mwanafunzi anapita na mawili, mama wa muzigo hata hageuke, ju shingo yake iko na kazi. Na wimbo yetu, sawa zote za kwetu, inaanza polepole, inalia mapendo kidogo, kisha njo sebene inaingia, pale gitare inawaka na watu wanacheza. Tulipiga miaka, na hakuna mutu alishafika mu sebene yetu. Tulikuwa tunaisikia siye wenyewe tu. Siku moja Gérard aliniuliza kama kweli iko muzuri ao tunajidanganya. Nikaanza kukaza nyuzi za gitare.

Kisha masika ile mvula ikakula barabara. Kamio moja, Dyna, yenye kubeba makala ya kupikia kutoka Nyangezi ikaingia mule, shofere akaweka première, gia ya kwanza, gari ikaguna, ikarudi nyuma, ikaguna tena. Gérard akaifata na ngoma. Tukaanza wimbo, gari iko mule. Tukafika katikati, gari iko mule. Tukaingia mu sebene, Papa Bourgmestre, na gari ilikuwa ingali mule. Shofere akashuka. Alisema anaangalia pine, lakini mabega yake ilikuwa inafanya mambo yake. Ile siku njo tukakuwa orchestre, na njo tukapata jina.

2. Dos d'âne haitoshe.

Papa Constantin anasema kama tunataka sana magari yapunguze mwendo, komini itatuwekea dos d'âne, tuta ya barabara, mu fasi ya shimo. Ni kusema hajui kazi yetu. Mu muziki yetu mwimbaji anatupaka libanga, sawa kurusha jiwe: anaita jina ya mutu katikati ya wimbo, na ule mutu anajisikia mukubwa. Wale wa Kinshasa wanaita mabosi wenye hawajaonana nao. Siye tunaita mutu mbele ya macho yake. Dos d'âne inatosha wakati wa kuita prénom tu. Shimo yetu inatosha prénom, postnom ya ukoo, kijiji, na jina ya mama mwenye alikuzaa. Maman Georgette anajua kila mutu na ukoo yake. Anamunongoneza Bibiane huku anageuza sambaza, na Bibiane anatupa.

Papa Christophe wa kijiji ya Miti, muuza mbao, jeep yake ilikwama mule wiki yenye kupita. Alishuka na krawati yake, akaanza kusukuma. Bibiane akatupa: "Christophe wa Miti, mutoto wa Maman Bintu, mwenye alilala njaa ili weye usome." Ule papa akaacha kusukuma. Akalia, mutu muzima, matope mpaka magoti. Akauliza: "Nani aliwaambia ile ya mama yangu?" Ju kumbe ni kweli, na Maman Georgette alikuwa anasema tu yale anasemaka juu ya mama ya kila mutu. Alitupatia mukono mumoja mumoja, kisha akatuita kwa ndoa ya binti yake Aurore. Ile ndoa njo leo, kule Miti. Atatuma minibus ya kutubeba. Itakuwa mara ya kwanza tunapiga fasi watu wameikala mu viti na hawana fasi ingine ya kwenda. Bibiane amepiga robe yake pasi tangu mercredi.

Sasa uniambie: barabara ingekuwa sawasawa, ule papa angepita na troisième vitesse, gia ya tatu. Angelia fasi gani?

3. Shimo inalinda ndoa.

Kuko papa mumoja wa hii quartier, sitamutaja jina, Tonton Jacques. Aliingia mu shimo na mwanamuke ameikala mbele, wanapeana maneno ya sukari. Maman Georgette alichelewa kunongoneza, na Bibiane akatupa yale alikuwa anajua: "Jacques, bwana ya Colette." Na Tantine Colette mwenyewe alikuwa pale kwenye musitari wa sambaza. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Jacques, kuya tukule, iko ya moto." Ule mwanamuke mwingine akashukia upande wa pili, mu mayi ya shimo. Tangu ile siku wanaume wa hii upande wanapita hapa na mabibi zao. Wengine wanashusha kioo mbele, watuonyeshe. Padri wetu anahubiri hii jambo kila Carême, Kwaresima, na anatoka jasho. Shimo iliimaliza muchana moja, bila kukusanya matoleo.

4. Mu shimo hakuna mukubwa. Jeep, moto, brouette, kale katoroli ka mihogo, wote ni première. Unionyeshe fasi ingine mu huu muji yenye mukubwa anapunguza mwendo mbele ya kijana. Nimetafuta. Hakuna.

Najua watakuambia kama kuko mama mumoja alianguka mule na basani ya nyanya. Ni kweli, sitakudanganya. Tulimutoa, tukamuokotea nyanya, na Bibiane akamutupia libanga bila kungoja gari. Aliondoka anacheka na anatutukana pamoja. Mutu anayeanguka fasi zingine za barabara anatukana tu.

5. Juu ya Papa Constantin. (Papa Constantin, nilikuomba usisome.)

Anasema shimo ni haya kwa avenue. Aliandika kwenu barua nyingi, hamukujibu, tukakuwa na amani. Kwa nini sasa munajibu? Miye najua fasi mambo inatokea. Papa Constantin hana gari, wala moto. Anapita na mguu, pembeni, viatu mu mukono, na mutu wa mguu anamaliza ile pembeni kabla ya wimbo kuanza. Kila mutu wa avenue alishaitwa mu wimbo, hata Chantal mwenye kuuza ma-unité ya simu, hata mbuzi wa Chantal ilipokuwa juu ya gari. Yeye, chef d'avenue, bado. Ule muzee anaumia mu roho, na ningekuwa yeye ningeumia pia. Kwa hiyo tunatoa pendekezo: Gérard atamuweka mu brouette, atamuingiza mu shimo polepole, na Bibiane atamuimba kuanzia kichwa cha wimbo mpaka mwisho wa sebene, na babu zake wote. Kisha aandike barua ingine ya kusema kama shimo iko muzuri.

6. Namba sita nilikuwa nayo asubui, imenitoroka. Ilikuwa ya nguvu kupita zote.

Papa Bourgmestre, siombe mambo mingi. Naomba kamio ya lundi irudie kwenu komini. Naomba kibao pembeni ya barabara chenye kuandikwa SALLE, na mushale. Naomba shimo ya pili upande wa kushuka, ju wenye kushuka wanasikia nusu wimbo tu, na ni raia sawa wengine. Naomba hema kidogo juu ya shimo kwa wakati wa mvula, lakini mvula iendelee kuingia, ju bila mayi inakauka na magari inaizoea. Naomba mutu mumoja wa travaux publics, wale wenye kutengeneza barabara, akuye kila miezi tatu kuipima, isifike kupungua. Na kama lazima mawe ya kamio yatumike, kuko orchestre ingine kule chini yenye kupigia pembeni ya kashimo kadogo hata hakatikise moto. Mufunge ile. Mutawasaidia watafute kazi.

Ukikataa, lundi tutaikala ndani, siye watatu, na vyombo vyetu. Mawe ikianguka, ianguke juu ya sebene, avenue ione. Sikutishe, Papa. Nakuambia tu fasi tutakuwa, ili shofere wa kamio asikuye kusema hakutuona.

Namaliza. Usalimie maman wa nyumba na watoto. Usalimie sentinelle, mulinzi wa komini, mwenye alinifukuza mardi, umwambie sina kinyongo, alifukuza muzuri. Usalimie Maman Monique secrétaire, mwenye atasoma hii barua kabla yako, na ninaambiwa anaimba alto mu chorale: siku yake ya kukwama mule, tuko tayari. Usalimie hata ule mwenye alisaini ile karatasi ya kamio. Gitare inawasalimia wote.

Wako mwenye utii, mwenye kungoja minibus,

Zagabe Ezéchiel
Chef wa Orchestre Première Vitesse

P.S. Papa Bourgmestre, minibus ya Papa Christophe imefika. Iko mu shimo.

Imeingia na pine zote za mbele, haiende, hairudie nyuma. Miye na Gérard tuko ndani na vyombo, naandikia juu ya goti. Bibiane alibakia inje na robe yake, akaanza kumuimbia shofere ili amupatie nguvu. Nilimuona anafungula mudomo. Nilimuona anafika mu sebene, ju mikono yake ilipanda. Sikusikia kitu. Motere inalia, vioo vinatetemeka, embrayage, ile klachi, inanuka. Nikamuuliza shofere kama anasikia ile wimbo. Akanijibu: "Petit, weye uko unasikia wimbo?"

Gérard akaniangalia, na miye nikaangalia inje.

Ni kusema wale wote wa ndani ya magari hawakusikia. Shofere wa Dyna ya makala alishuka ju ya kuangalia pine, sawa vile alisema. Alitusikia Papa Christophe, ju alikuwa inje anasukuma. Alitusikia ule mama wa nyanya, na Tantine Colette, na watu wa sambaza, wenye walikuwa wamesimama. Na Papa Constantin, nafikiri, pale pembeni na viatu mu mukono, alikuwa anasikia kila siku.

Aurore anaingia kanisa saa sita. Kule viti vimeshapangwa. Leo ni salongo, najua uko inje na watu wa komini, na wana majembe mikononi. Usingoje lundi. Kuya nao sasa hivi, na mawe yote yenye muko nayo. Papa Constantin ameshaingia mule, anasukuma, na Bibiane anamutupia libanga ya babu zake wote. Siye hatusikie, lakini yeye anacheka.

Mawe ikibakia, mutujengee pale pale banc moja, benchi, mutu aikale atusikilize.

Banc ikikosekana, basi lundi kamio ikuye ituchimbie shimo yetu tena. Ile ile. Isipungue.