Jua Lililotuharibia Safari ya Kulala Porini

Birch Narrows, Minnesota
Jumatatu, 27 Januari

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mwangwi wa Ziwa.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUKOSEKANA KWA DHORUBA MWISHO WA WIKI ULIOPITA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na wino wako haujaganda. Mimi ni msomaji wako wa miaka thelathini na moja, fundi mstaafu wa mabasi ya shule. Nimewahi kukuandikia mara moja tu, mlipokosea jina la mbwa wetu kwenye tangazo la kumtafuta. Mbwa alipatikana, nikanyamaza. Leo siwezi kunyamaza.

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha watu wanne kilitoka kwa baiskeli kwenda kulala usiku mmoja kwenye kibanda cha Ziwa Kettle, kilomita thelathini na moja kutoka hapa mjini. Alhamisi iliyotangulia, Bibi Eudora Haugen, anayeandika safu yenu ya hali ya hewa, alikuwa ameandika hivi: "Huenda dhoruba ikatufikia Jumamosi, huenda ikapitia kaskazini. Vaeni vizuri." Ndugu Mhariri, tulivaa vizuri. Kisha likatoka jua. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno "huenda". Tulipanga safari hii kwa wiki tisa. Kila Jumanne tulikutana jikoni kwa Duane Solberg, daktari wa meno, ambaye ndiye mwenyekiti wetu. Duane alipewa ramani. Lorna Fairbanks, ambaye ni nesi, alipewa dawa na vidole vya watu. Mimi niliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: "Arvid: baridi." Nililichukulia jukumu hilo kwa uzito. Niliandaa orodha ya kurasa sita, yenye ukurasa mzima juu ya soksi. Mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo ana haki ya kuambiwa ndiyo au hapana.

2. Shemeji yangu Rudy. Huyu ni kaka wa mke wangu, na kazi yake ni kuendesha greda la wilaya linaloondoa theluji barabarani. Alijiunga nasi Jumanne ya mwisho kabisa, huku anakula keki ya Duane.

"Mnaenda Jumamosi? Basi na mimi nipo, shem."

Nikamuuliza atabeba nini. Akasema, "Mikate." Nikamweleza kwa utulivu kwamba watu hufia katika misitu hii. Akajibu, "Najua, shem. Mimi ndiye ninayefungua barabara wakienda kuzikwa."

Kwa kuwa alikuwa hajui alichokuwa anakifuata, ilinibidi nijiandae kwa niaba yake. Nilibeba mfuko wa pili wa kulalia, buti za pili, glavu za pili, kamba ya mita ishirini, sepeto, na jiko la kuyeyushia theluji. Baiskeli yangu ina matairi manene kama ya trekta, lakini hata hayo yalinywea. Nilikadiria Rudy angeanza kutetemeka kama saa kumi jioni. Nilikuwa nimeshachagua hata maneno nitakayomwambia, na yalikuwa maneno ya upole.

3. Joto. Saa tano asubuhi mapaa yalikuwa yanachuruzika. Njia ya msituni, ambayo Januari huwa ngumu kama sakafu, iligeuka uji. Duane alitembea akisukuma baiskeli huku anaiomba ramani radhi. Mimi nilikuwa na nguo nne kifuani na jaketi la manyoya juu yake, kwa mujibu wa ukurasa wa tatu.

"Arvid, vua hilo jaketi," Lorna akaniambia.

"Hali ya hewa itabadilika."

"Anayebadilika ni wewe. Uso umekuwa kama nyanya."

Kwenye kilomita ya kumi na tisa nililala chini. Sikuanguka, kama Duane anavyosimulia hapa mjini, nililala. Lorna amekuwa nesi hapa kwa miaka ishirini na miwili na ameshakata vidole vilivyoganda ambavyo hana idadi yake. Jumamosi hiyo aliandika kwenye daftari lake, kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Januari: "Kuzidiwa na joto." Nilimwomba aandike kitu kingine. Alikataa.

Aliyenifungua zipu ya jaketi ni Rudy. Alijaza theluji kwenye kofia yake akanivika, kisha akaninywesha maji yake, kwa kuwa mimi nilibeba jiko badala ya maji. Nilipoweza kukaa, nilimwona anahamisha mizigo yangu na kuifunga kwenye baiskeli yake, mmoja baada ya mwingine. Nakiri kwamba alikuwa na mengi ya kusema. Aliuliza moja tu:

"Shem, umebeba nini humu?"

Nikasema, "Vitu."

Nilishindwa kumwambia kwamba vilikuwa vyake. Alivigundua mwenyewe jioni tulipofika kibandani na kufungua mizigo. Aliziona buti, namba arobaini na sita, na katika kikundi chetu hakuna mwenye mguu huo ila yeye. Alizishika muda mrefu. Akavua viatu vyake vilivyojaa matope, akazivaa, akatembea mpaka ukingoni mwa ziwa na kurudi.

"Zimenitosha," akasema.

Kisha akatugawia mikate. Ilikuwa na nyama na matango ya siki, nasi tuliila tumevaa mashati tu.

4. Lalamiko hili linamhusu mke wangu, Marlys, na nimeshauriwa na Marlys kuliacha.

5. Heshima. Jumapili asubuhi tulikuwa tunafunga kwenye baiskeli mahema ambayo hatukuyahitaji alipotokea bibi mmoja mfupi na mbwa wake. Alivaa gauni la nyumbani na viatu vya mpira, na kikombe cha kahawa mkononi. Kahawa ilikuwa bado inatoa moshi. Akatutazama, akaitazama kamba ya mita ishirini, akauliza kwa huruma ya kweli, "Mmepotea?" Kumbe kutoka kibandani hadi mlangoni kwake ni mwendo wa dakika sita. Wiki tisa, Ndugu Mhariri, na Duane ndiye aliyekuwa na ramani.

Usinielewe vibaya. Sikutaka mtu aumie. Lakini kwa miaka thelathini na minne, kila baridi ilipokaza, mabasi yaligoma kuwaka na simu yangu ililia saa kumi na moja alfajiri. "Arvid, njoo." Nami nilikwenda, na watoto walifika shuleni. Tangu nistaafu, baridi inakuja na kuondoka bila kuniuliza chochote. Nilidhani Jumamosi ingeniuliza.

Kwa hiyo naomba yafuatayo: kwanza, Bibi Eudora azuiwe kutumia neno "huenda" kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Pili, gazeti lituombe radhi ukurasa wa mbele kwa maandishi yasiyopungua ukubwa wa yale ya matokeo ya mpira wa magongo. Tatu, kwa kuwa tulijiandaa kwa nia njema na hatukupewa dhoruba, tupatiwe nyingine kabla ya Februari kuisha, iwe siku ya Jumamosi, ianze baada ya chakula cha mchana, na isipitie kaskazini. Ikishindikana, wilaya ilifungie jua hilo leseni, au ieleze hadharani linafanya kazi kwa idhini ya nani. Mimi na wenzangu tuko tayari kutoka wakati wowote, kwa baridi yoyote. Hilo naliandika bila kutetereka.

Wasalimie wote hapo ofisini, wakiwemo wapiga chapa, dada wa mapokezi, na Bibi Eudora mwenyewe, ambaye sina ugomvi naye zaidi ya huu. Mwambie kwamba Marlys anauliza lini atamrudishia bakuli lake la kioo.

Ni mimi, msomaji wako asiyechoka kungoja theluji,

Arvid Niemela

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii, na leo Alhamisi nimesoma safu ya Bibi Eudora. Ameandika kwamba dhoruba kali inakuja Jumamosi, mchana, moja kwa moja juu yetu, na hakuna "huenda" hata moja. Kikundi kimekutana kwa dharura jikoni kwa Duane. Nimetoa hoja kwamba tuahirishe safari ya pili hadi hali ya hewa itakapotulia, na hoja imepita kwa kura tatu dhidi ya moja. Rudy ametutazama mmoja mmoja, akachukua kofia yake, akaenda kuliwekea greda mafuta. Naomba sehemu hii usiichapishe.