Vikwembe kwa Mchezaji wa Akiba

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimeshtuka hadi chai imenimwagikia. Redio imemtaja Niyonsenga kati ya walioitwa timu ya taifa. Niyonsenga wetu, wa mtaa huu wa Katoyi! Mwana wa Mama Mukamugema! Misimu miwili mimi, Josias Sikuli, prezida wa timu ya mtaa, nilimkalisha benchi alinde bidoni, dumu la maji ya wenzake. Nikamshauri arudi kusukuma kwa mguu chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea kabichi, kutoka Kibumba, maana huko angalau mguu wake ulikuwa na faida.

Jumapili tunachagua prezida. Hitimana kinyozi anakitaka kiti changu. Basi nimepata dawa. Jumamosi kijana anakuja kumsalimia mama yake. Wamama wa mtaa watatandika vikwembe vyao, vitenge vya kuvaa, njiani, apite juu kama askofu, nami nimngoje mwisho wa vikwembe, mikono wazi. Atataja jina langu mbele ya watu. Kiti kitakuwa changu mpaka kaburini.

Kahambu, mke wangu, ameuliza kama kijana ameshasahau bidoni. Nimemwambia wachezaji wakubwa hawakumbuki mambo madogo.

Jumanne, tarehe 7

Balaa. Hitimana ameniambia nikiwa kwenye kiti chake cha kunyolea, nusu kichwa tayari, siwezi kukimbia. Ni timu ya akiba! Wale wanaocheza hapahapa nchini, wanaopewa mechi za kujaribiwa wakati nyota wetu wako Ulaya. Kumbe nilitaka kumtandikia vikwembe mtu wa benchi!

Nimekimbia hata hivyo. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kufuta sherehe, na nusu kichwa changu. Mama Mukamugema alikitazama kichwa tu, kwa huruma.

Jioni nimemlalamikia Kahambu: timu ya akiba ina kazi gani duniani? Akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Papa Sikuli, hata weye ulikuwa wa akiba. Miye nilikuwa nangoja Bashige wa Butembo. Hakukuya. Weye ukakuya."

Miaka yote hii ya ndoa! Sikuigusa ile sombe. Nilionja kidogo tu, ili asijisikie vibaya.

Ijumaa, tarehe 10

Redio tena. Kocha wa timu kubwa alikwenda kutazama mechi ya akiba, akachukua wawili. Mmoja ni Niyonsenga. Nimekaa chini juu ya mawe ya volkano bila kusikia ukali wake. Hitimana anapita akiwaeleza watu kwamba ndiyo kazi ya timu ile: ngazi ya waliosahauliwa nyumbani. Alipofika kwenye "waliosahauliwa" alinigeukia na kunipungia mkono.

Nimewarudia wamama. Nimechelewa: vikwembe vyote vimeahidiwa Hitimana, vitatandikwa mbele ya duka lake la kunyolea. Lakini kijana anakuja kwa meli, na mtu anayetoka bandarini hupita kwangu kwanza. Na Kahambu ana vikwembe sanduku zima. Na kesho asubuhi Kahambu yuko sokoni.

Jumamosi, tarehe 11

Nimevitandika juu ya mawe kimoja kimoja, hadi kile cha harusi yetu. Kikwembe hutandikwa kwa mtu anayetembea. Ningejuaje kwamba vijana watamleta amesimama juu ya chukudu? Mteremko, mawe makali, magurudumu ya mbao, mwanaume mzima juu yake. Nilivisikia vikichanika. Cha harusi kilijiviringisha kwenye gurudumu la mbele, nacho ndicho kilichokuwa breki. Chukudu ikasimama puani mwangu.

Nikafungua mikono. Niyonsenga akateremka, akanisalimia kwa mikono miwili, kwa heshima yote.

"Papa Prezida, aksanti. Ni weye ulinifundisha kuikala ku benchi bila kukasirika. Ku timu kubwa, wameniambia ni ile kazi ya kwanza watanipatia."

Amenitaja! Mbele ya wote! Sikuelewa kwa nini mtaa mzima unacheka. Halafu nikamwona Kahambu, amerudi mapema, anatazama gurudumu.

Jumapili, tarehe 12

Kahambu amesema neno moja tu tangu jana. "Bashige."

Tumepiga kura baada ya misa. Hitimana ni prezida. Mimi nimepewa cheo kipya, na aliyekipendekeza, kwa sauti tamu kabisa, ni Mama Mukamugema: prezida wa akiba. Nitakalia kiti siku Hitimana hayupo. Makofi yalizidi kiasi.

Nilishtuka. Kisha nikafikiri. Kazi ya akiba si kuwa tayari? Niko tayari! Hitimana ana dada yake kule Vitshumbi, kwa wavuvi, na kila anaponyoa mtu husifu samaki wa huko. Nimeshampigia dada simu: kaka yako anakukumbuka hadi anakonda, mwite akae huko, hata mwezi.

Jioni nimesimamia mazoezi, ili watu wazoee. Amekuja kijana mwembamba wa Kibumba, viganja vina sugu za chukudu, anaomba nafasi. Nimemtazama miguu mara moja tu. Mimi hayo mambo nayajua.

Nimempa bidoni.