Maji Yakitoka, Careen Anaondoka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kikao cha kikundi chetu cha ndiva. Chai haikuletwa. Ndiva ni lile bwawa walilotuachia babu zetu juu ya kijiji: usiku maji hujaa, asubuhi huzibuliwa, yakashuka mashambani kwa mfereji. Siku hizi halishiki maji hata ya kuogeshea kuku. Wafadhili wametupa fungu la kumlipa mshauri. Na mshauri aliyepatikana ni nani? Careen! Mjukuu wangu, niliyemlea tangu hajaota jino. Injinia wa maji huko Dodoma.

Wilbard, katibu wetu, akauliza kama kuna mjumbe mwenye maslahi. Nikasema maslahi sina, nina mjukuu. Wakanitoa nje. Nikasikiliza dirishani.

Nililosikia limenichoma. Mkataba hauna tarehe ya mwisho. Siku maji yatakapofika mashambani, umekwisha! Nikapenyeza kichwa dirishani nikapendekeza uwe wa miaka mitano. Wilbard akasema shikamoo bibi, lakini mshauri hatumnunui yeye, tunanunua kazi. Kazi ikiisha anakwenda zake. Nikamwambia mtu si gunia la saruji. Wilbard huyuhuyu nilimshika siku ya ubatizo wake akanilowesha gauni, na sikumrudisha.

Tangu aende chuo, Careen hajakaa nyumbani kupita Krismasi. Sasa yuko chumba cha pili, anakoroma kama marehemu babu yake. Nataka aendelee kukoroma hapa. Ndiyo shida yangu yote, na kwa kuwa hapa Vudee hakuna wa kumwambia, naandika. Shule sikuiona. Herufi nilifundishwa kwenye kisomo cha kanisani, uzeeni, na sasa nazitumia ninavyotaka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemvizia Wilbard akitoka kukama. Nimemuuliza ni mtu gani ambaye kazi yake haiishi. Akasema ni mwajiriwa. Mwajiriwa ana saa ya kuingia, ana meza, ana bosi, anatumia vifaa vya ofisi, na kumwondoa si mchezo. Mshauri anajipangia mwenyewe. Halafu akanionya: tukianza kumwendesha mshauri kama mwajiriwa, sheria inaweza kumhesabu ni mwajiriwa kweli, na kikundi kidogo kama chetu kitaumia.

Yeye aliyasema kama onyo. Mimi nimeyapokea kama maelekezo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeibeba meza yangu ya jikoni kichwani hadi ofisini. Ofisi ni stoo ya zamani ya kanisa, bado inanuka mahindi. Nimeandika CAREEN juu ya meza kwa chaki. Mwandiko mzuri!

Saa mbili nikasimama mlangoni. Alipofika nikamwambia amechelewa. Akanikumbusha kwamba aliyemzuia asitoke hadi amalize uji ni mimi. Nikasema ofisini hatuleti mambo ya nyumbani. Nikampa koleo langu. Kifaa cha mwajiri! Saa nne nikampandishia makande kule ndivani, nikamwamuru apumzike. Akala yote, akanishika shavu kwa mkono wenye tope, akasema mimi ni mkali kuliko mabosi wote wa Dodoma. Nikakaribia kulia. Nikamwambia arudi kazini.

Dorkas akaiona meza. Huyu ni jirani yangu na mtunza hazina wetu, na kwenye kwaya ananifunika sauti makusudi tangu tukiwa wasichana. Akauliza kama nimehama jiko au nimehama akili. Jioni Wilbard akanirudishia meza, kaibeba mgongoni, anatoka jasho. Akanisihi nisirudie. Nikampa chai.

Ijumaa, 22 Agosti

Mpango wa pili. Kuta za ndiva zimezibwa na zinashika. Careen mwenyewe kaingia matopeni hadi magotini, anaimba. Kesho wanazibua. Kijiji kizima kina furaha.

Nimekata majani ya mgomba.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimewatangulia alfajiri. Kuna mahali mfereji unapita chini ya mawe, umefunikwa. Hapo nimeshindilia gunia la majani ya mgomba na udongo. Kazi safi.

Wakazibua. Maji yakashuka kwa kishindo, vigelegele vikapigwa. Yakafika kwenye mawe. Yakasita. Yakamwagikia vichakani. Careen akasema huenda mfereji umebomoka humo ndani, itabidi mawe yote yafukuliwe, na kwa fundi mmoja ni kazi ya mwezi. Mwezi! Nikasema jamani pole, huku nikiiuma midomo.

Usiku hakula. Akaniambia huu ndio mkataba wa kwanza aliosaini kwa jina lake mwenyewe. Aliacha kampuni, hakuniambia. Mshauri akishindwa, ameshindwa peke yake, na habari humtangulia kila anakokwenda kuomba kazi. Alisema hivyo akiangalia viganja vyake, vimechubuka.

Nami makande yangu nikayafunika.

Jumapili, 24 Agosti

Ibada ilipoisha nimekwenda kulitoa gunia. Limelowa. Limevimba! Nimelivuta hadi nikakaa chini. Nimelikemea kwa Kipare na kwa Kiswahili. Halikutoka.

Nimerudi nikakuta Dorkas anapita nyumba kwa nyumba. Anasema mtoto wetu Careen asiachiwe mzigo peke yake, kesho ni msaragambo. Mtoto wetu! Alimnyonyesha lini?

Jumatatu, 25 Agosti

Pembe ilipigwa jua halijachomoza. Pembe ya msaragambo ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetokea anatozwa faini. Hata mwenye dhambi yake anakwenda.

Nikapanda juu ya mawe yenyewe, nikakataa kushuka. Nikasema pana nyoka. Mzee Zebedayo akauliza ni nyoka gani huyo anayekubali kukaliwa. Watu wakacheka. Careen akaja, akanibeba kama anabeba mtoto, akaniweka kando. Wakafukua mawe. Kazi ya mwezi imekwisha hata jua halijawaka sawasawa! Careen akaingiza mkono, akavuta, likatoka.

Akaliangalia lilivyofungwa. Lile fundo nalifunga mimi kwenye mizigo ya majani ya ng'ombe, na nilimfundisha yeye tu. Akaniangalia. Mimi nikaangalia mlima.

Dorkas akauliza ni nini hicho. Careen akasema ni takataka, zimesombwa na maji. Akalitupa vichakani.

Maji yakapita. Yakafika hadi shamba la mwisho. Dorkas akanikumbatia, akalia begani kwangu. Nikamwacha.

Jumanne, 26 Agosti

Wilbard amesaini kwamba kazi imepokelewa. Mkataba umekwisha.

Careen akaja jikoni, akavuta kigoda, akauliza, Bibi, kwa nini? Nikamwambia nimezoea sufuria kubwa, ndogo ya mtu mmoja inanichanganya. Kisha akasema ungeniambia tu nibaki. Mshauri hana wa kumwomba ruhusa. Kazi inayofuata ataianza siku atakayotaka yeye. Lakini ungefaulu kunifanya mwajiriwa, akasema, leo ningekuwa naandika barua ya kuomba likizo ya siku mbili.

Nikageuza kuni. Moshi ulikuwa mwingi leo. Nikasema, baki.

Neno lenyewe fupi hivyo! Akaniwekea kichwa mapajani kama zamani, na nywele zake zile za Dodoma zinazochoma. Tukakubaliana: nipande, tule pamoja mavuno ya kwanza ya maji haya, ndipo aende. Mimi najua alikuwa akifikiria mchicha. Mchicha ni wiki tatu, nne.

Jumanne, 2 Septemba

Careen kaniandalia shamba lote, kanyoosha matuta kama ya kitabuni. Leo kateremka Same mjini kununua dawa ya mgongo wangu.

Nimetumia nafasi. Nimepanda tangawizi. Shamba zima, hadi ukingoni mwa mfereji. Haivunwi kabla ya miezi minane, na ukiisahau ardhini haikasiriki.

Dorkas kachungulia juu ya ua, akauliza mchicha uko wapi. Nimemwambia ashughulike na sauti yake ya pili.

Tulikubaliana mavuno ya kwanza. Ya nini, hakuna aliyetaja. Mkataba ni mkataba.