Mratibu Amejitenga

Kwa heshima kubwa, Tume Ndogo ya Kujitenga Nyumbani inawatangazia wakazi wote wa Mangobo kwamba uchunguzi juu ya maarifa, mtazamo na mwenendo wa jamii wakati wa korona umekamilika. Mimi Hubert, mkuu wa ofisi ya vibali hapa Mangobo na Mratibu wa Tume, niliufanya mwenyewe, nikiwa na homa.

Vipimo vilipoonyesha nimeambukizwa, nilijifungia ndani. Mke wangu Florentine alikuwa safarini Bengamisa, na mimi jikoni najua kuchemsha maji tu. Sikuwa na wasiwasi. Tume ilikwisha kuelekeza: mgonjwa asiingiliwe, ila majirani wamsalimie toka mbali na kumwachia chakula mlangoni. Nikavaa koti la mikutano juu ya pajama, nikaketi dirishani kupokea huruma ya umma.

Umma haukuja. Ulikuwa kwa jirani yangu Mama Kadidja, muuza samaki, ambaye naye alijitenga. Kutwa nzima watu walisimama ng'ambo ya ua wake, wakimpazia sauti za pole, wakimtania, wakimwachia lituma, zile ndizi za kupondwa, pamoja na samaki. Njaa iliniuma. Wivu uliniuma zaidi.

Mwishowe nikamwita Fiston, dereva wa pikipiki, aliyesimama pamoja nao nje ya ua.

"Fiston! Niko mugonjwa! Nimejitenga!"

"Pole, chef. Tangu lini?"

"Tangu juzi!"

"Juzi tu?" Alishangaa kweli. "Siye tulizani tangu balikupa cheo. Mulango yako iko ya kufunga, telefone haupokee, mu motokari haupungie mutu mukono. Bon, tukasema chef iko anaheshimu mesures ya korona, tusimusumbue."

Mama Kadidja alisikia. "Fiston, mupelekee papa Hubert lituma ingine!"

Fiston akaja na sahani hadi langoni kwangu, akasimama mbele ya kibao nilichokitundika mwenyewe.

"Chef, hapa baliandika wageni ni kwa rendez-vous, siku ya kupangiwa. Yangu iko siku gani?"

"Leo! Sasa hivi!"

"Hapana, chef. Miye nafwata karatasi ya pikipiki ku bureau yako tangu saison ya mvua, na kila siku banasemaka: rudia kesho." Akageuka taratibu, bila hasira. "Donc, nitarudia kesho."

Harufu ya lituma ikaondoka naye.

Tume inatangaza matokeo: maarifa ya wakazi ni kamili, na mtazamo wao una heshima. Mwenendo wamejifunza kwa Mratibu, ambaye hadi sasa hajala.