Boksi la Namba Nane

Jumatatu, 3 Machi
Sijamwambia hata mama: nimeficha boksi la mwisho la glavu namba nane. Liko nyuma ya ndoo za mopu, chini ya mashuka yaliyochanika. Sikuiba! Nimelilinda.

Namba nane ni za mpasuaji mmoja tu, tunayemwita Viganja. Mkono wake ukikusalimia, wako unapotea. Lakini Daktari wa Usingizi, mwenye vidole vya mtoto wa chekechea, huzichukua yeye, eti zinavalika upesi. Mimi ndiye mtunza stoo ya thieta ya upasuaji, kazi yangu ni kumkatalia. Nitamkatalia vipi? Hata shikamoo yangu haisikiki. Na niko kwenye majaribio. Sista Mkuu alinieleza mapema: siku mpasuaji atakaponyoosha mkono akakosa kitu, nifunge virago.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Daktari wa Usingizi kaja, kapekua rafu, kaondoka mikono mitupu. Nikajifanya nahesabu sindano. Kisha, kwa uaminifu, nikaandika kwenye kadi ya rafu: glavu namba nane, sifuri. Kadi lazima ifanane na rafu. Ndivyo nilivyofundishwa.

Jumatano, 5 Machi
Sista Mkuu husoma kadi! Sikujua kuna mtu huzisoma. Kapiga simu bohari kuu, wakamjibu mpaka mwisho wa mwezi. Basi kafuta ubaoni wagonjwa wote wa Viganja. Wa kwanza kesho alikuwa babu mwenye ngiri, aliyeahirishwa mara mbili tayari. Viganja kagomba sana. Anasema utumbo ukinaswa mle, babu atakufa tukisubiri glavu.

Mke wa babu kanishika mkono koridoni. "Mjukuu wangu, safari hii tena kuna nini?" Nikasema sijui.

Mpango: kesho asubuhi narudisha boksi kimyakimya. Hakuna haja ya kufungua mdomo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelirudisha saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya saa moja Daktari wa Usingizi keshalikwapua! "Kumbe zipo!" anacheka, huyo mlangoni, boksi kwapani. Nikataka kusema samahani daktari. Kilichotoka ni: "WEKA CHINI!"

Sista kaja mbio akiuliza nani kaumia. Nikakiri yote, macho kwenye kandambili zangu.

Nikangoja kufukuzwa. Sista akaguna, akaenda kabatini kwake, akarudi na maboksi mawili. Namba nane! Viganja akakohoa, akatoa pakiti sita mkobani, akisema ni za dharura. Daktari wa Usingizi akainua mto wa kiti chake. Fundi wa oksijeni, ambaye hata glavu havai, alikuwa na boksi zima. Kumbe sote tulikuwa walinzi! Rafu ikajaa pomoni.

Babu kaingia saa tatu, katoka saa nne na nusu, ngiri kwisha habari yake.

Sista katangaza kwamba kuanzia leo anayeficha kitu ni adui wa mgonjwa. Tukaitikia wote. Hata sauti yangu ilisikika.

Ijumaa, 7 Machi
Babu kaomba uji. Bibi kanibariki mpaka nikaona haya. Sista kasema nimefaulu majaribio, kwa kuwa mimi ni mkweli. Nikaenda kulia kidogo stoo.

Humo stoo nikaziona plasta. Zimebaki roli nne tu, na Daktari wa Usingizi hubandika watu kama anafunga mizigo! Kuficha ni vibaya, nakubali. Lakini huku si kuficha. Nimeziweka tu pasipoonekana, ndani ya buti za mvua za fundi wa oksijeni. Na makosa ya Jumanne sirudii: kwenye kadi sikuandika sifuri. Nimeandika nne, Sista asipate wasiwasi.

Wewe uliyefika mpaka hapa, nakuomba sana: hukusoma kitu. Yabaki kati yetu wawili.